Feni ya Mkunga

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri, mgongo umepunguza kelele zake, na macho bado yanakuonyesha njia ya kwenda gereji na kurudi. Sisi huku hatujambo. Paa la chumba chetu linavuja upande mmoja tu, basi tumehamishia kitanda upande wa pili, na mwenye nyumba anatuambia tushukuru kwa kuwa wapangaji wengine hawana hata upande wa kuhamia. Mume wangu naye hajambo. Najua hukumuulizia, lakini namtaja kwa sababu yupo.

Shangazi alifika na ujumbe wako. Alikaa kwenye kiti chetu kisichoyumba, akanywa chai, akasifu usafi wa chumba mara nyingi mno mpaka nikajua amebeba neno zito. Hatimaye akalitua. Alisema gereji imekulemea, kwamba huoni tena nyaya nyembamba na wateja wameanza kulalamika, na kwamba unataka nirudi nyumbani nishike funguo. Sikufichi, Baba, moyo uliniruka. Tangu nilipokuwa nakushikia tochi nikiwa mtoto sijawahi kutaka kitu kingine. Kisha shangazi akaangalia ndani ya kikombe, akaongeza kuwa umesema nirudi peke yangu. Gereji yako haiwezi kumpokea tena mtu aliyeitia doa, na mwanamke mwenye ufundi mikononi hafi njaa kwa kukosa mume. Akasema unangoja jibu.

Jibu ninalo. Lakini nivumilie kwanza nikupe habari za pikipiki moja, maana wewe ndiye uliyenifundisha kuwa fundi hataji ugonjwa kabla ya kueleza alichokiona.

Mkunga alikuja kwangu. Yule yule mkunga wetu wa zahanati, na pikipiki yake ile ile kubwa inayopozwa kwa maji. Aliiegesha mlangoni, akanisalimia kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa na shida, na kabla sijamkaribisha akaniambia wazi kuwa amekuja kwangu mimi, hakuja kwa mume wangu. Mume wangu alikuwa ndani, akasikia kila neno. Akachukua ndoo akaenda kuchota maji, ilhali ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Najua kisa cha pikipiki hiyo unakijua kuliko mimi. Lakini nakiandika hapa kama tulivyokijua sote, na kama ulivyokigeuza mwenyewe baadaye mbele ya wateja, ili tuone kama bado ni kile kile.

Kilianza hivi. Mkunga aliileta pikipiki ikichemsha kwa kuwa feni ya rejeta haikuwa ikizunguka. Ulimkabidhi mume wangu. Yeye akagundua kuwa ile swichi ndogo ya kwenye rejeta, inayohisi joto na kuamsha feni, imekufa, akaomba pikipiki ingoje mpaka aende mjini akatafute swichi mpya. Wewe ulikuwa umeshamwahidi mkunga kuwa Ijumaa ataondoka nayo, na mtaa mzima unajua kuwa wewe ukisema Ijumaa ni Ijumaa. Ijumaa ilipofika, mume wangu akiwa bado mjini na mimi nikiwa nimelala na homa, mkunga aliondoka na pikipiki yake, feni inavuma. Mume wangu aliporudi na swichi mfukoni ulimwambia hiyo haihitajiki tena, umepata nyingine kwenye vyuma chakavu ukaifunga, mambo yamekwisha. Akaamini. Aliiweka ile mpya kwenye sanduku lake la spana, ikiwa bado kwenye pakiti.

Halafu ikaja siku ile. Mkunga aliitwa kwa mama aliyekuwa katika uchungu, akaondoka na pikipiki, na katikati ya njia ikazima. Betri ilikuwa imekauka kabisa. Aliisukuma, ikamshinda, akaitupa kando ya barabara akakimbia kwa miguu na begi lake kichwani. Alifika mama akiwa bado na pumzi na akamwokoa. Mtoto hakumkuta na pumzi.

Siku iliyofuata, gereji ikiwa imejaa watu, ulisimama mlangoni ukasema mkono wako haukugusa pikipiki ile. Ulisema mkweo aliifunga swichi mbovu kinyume kabla ya kwenda mjini, feni ikawa haizimi mpaka ikamaliza betri, na wewe ukamwamini ukaitoa kazi bila kuikagua, na kosa lako ni hilo tu, kuamini. Mume wangu akasema hakufunga chochote, akaleta ile pakiti. Ukacheka, ukasema ameinunua jana ili ajisafishe. Ukasema kikulacho ki nguoni mwako. Ukamwita Michoro, lile jina ulilompa tangu alipokuja kunioa kwa sababu huwa anachora mfumo wa nyaya kabla ya kushika bisibisi, ukasema michoro yake imeua mtoto wa watu, aondoke. Wateja wakaitikia kwa vichwa. Nami nilikuwepo, Baba, nimesimama kando ya benchi na spana mkononi, na sikusema neno. Nilikuwa binti yako muda mrefu kabla ya kuwa mke wake. Nilikusanya nguo zetu nikamfuata, lakini nilimfuata nikiwa na shaka naye, na shaka hiyo nimelala nayo kitanda kimoja mpaka juzi.

Tangu hapo hakuna anayempa hata pancha azibe. Anapakia saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Vile vidole vilivyokuwa vinashona nyaya bila kutazama sasa vimepasuka kama udongo wa kiangazi, na usiku navipaka mafuta huku tukizungumza habari za majirani. Watoto wa mtaani walikuwa na wimbo wao juu yake. Sitakuandikia maneno yake.

Sasa turudi kwa mkunga. Aliniambia kuwa tangu siku aliyoichukua pikipiki kwako feni haijawahi kusimama. Akizungusha ufunguo tu, injini ikiwa baridi kama mtungi, inaanza kuvuma, na haitulii mpaka autoe. Alirudi kwako, ukamwambia feni inayozunguka haimdhuru mtu, anunue betri kubwa zaidi. Akanunua. Sasa na hiyo imeanza kuchoka. Alirudi tena akakuomba uifungue uangalie ndani, ukamwambia una kazi nyingi. Akaniuliza, bila ya ubaya, tangu lini mzee mwenye gereji akakataa kazi ya pesa. Wazee walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, nami naona hata kuwakwepa ni hatari, maana ni watu waliozoea kungoja kitu mpaka kitoke.

Aliniachia pikipiki, nami nikaanza kesho yake asubuhi, kama ulivyonifundisha, injini ikiwa imelala. Nikazungusha ufunguo. Feni ikaanza papo hapo. Nikazima, nikaangalia maji ya rejeta kwanza, maana rejeta yenye njaa ya maji huifanya feni ihangaike. Yalikuwa tele. Nikazungusha ufunguo tena, feni ikavuma, nikaenda kwenye swichi ya joto. Nilijiambia kama imeganda upande wa kuwasha, nikichomoa soketi yake feni itanyamaza. Nikachomoa. Feni haikujali, ikaendelea kuvuma. Nikaitazama swichi yenyewe: haikuwa imefungwa kinyume, wala haikuwa imetoka kwenye vyuma chakavu. Ilikuwa ile ya kiwandani, iliyokufa, yenye kutu ya miaka yote kwenye nati yake. Hakuna spana iliyowahi kuigusa, Baba. Si ya mume wangu wala ya mtu mwingine.

Hapo jasho lilianza kunitoka, na jua lilikuwa bado halijapanda. Nikasogea kwenye rilei, ile inayoupitisha umeme wa feni. Nikaing'oa kabisa nikaishika mkononi. Feni ikaendelea kuzunguka. Mtu anayejifunza kazi wiki ya kwanza anajua maana yake: umeme ulikuwa haupiti kwenye swichi wala kwenye rilei. Kulikuwa na njia ya panya. Mtu alikuwa amevuta waya kutoka kwenye ufunguo moja kwa moja mpaka kwenye feni, ili izunguke tu, joto lisiwepo au liwepo. Na pikipiki ya mkunga haiendi mbio, inakwenda polepole mchana na taa zikiwaka, inasimama kila nyumba, inawashwa tena. Feni inakula zaidi ya kile ambacho injini inaingiza kwenye betri. Mwisho wake lazima uwe kando ya barabara.

Nikafungua siti, nikalegeza tangi, nikaliinua. Waya ulikuwa umelazwa chini yake, umefichwa vizuri, umefungwa kwenye fremu kwa vipande vya mpira wa tyubu. Nilidhani nitakuta waya wa aina yoyote. Nilikuta waya uliovikwa kitambaa cheupe chenye madoa meusi.

Nilikaa chini, Baba. Kwenye vumbi, na gauni langu safi.

Mtaani kwetu kulikuwa na waya mmoja tu wa namna hiyo, na ulikuwa wa pasi ya mama. Pasi ilipoungua yeye akiwa bado hai ulisema utaitengeneza, na alipofariki ukaitupa pasi lakini waya ukaukunja ukautia kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa kopo lile. Mume wangu aliwahi kulishusha akitafuta waya mnene wa kujaribia taa, ukampokonya mbele ya watu na hukusema naye mpaka jioni. Mimi mwenyewe, mtoto wako wa pekee, nilikuwa nautazama nikiwa nimesimama juu ya kiti, sithubutu kuutoa. Na maungio yake yalikuwa yamezungushiwa tyubu kutoka kulia kwenda kushoto, mkia wa mpira umechomekwa ndani usionekane, kama afungavyo mtu anayetumia mkono wa kushoto. Nyumbani kwetu mashoto ni wewe peke yako.

Nilimwita mume wangu. Alikuja na ndoo mkononi. Akatazama chini ya tangi, kisha akanitazama mimi, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Ndipo nilipopata pigo la pili, kwa sababu mtu huonyesha mshangao akiona jambo jipya, na yeye hakushangaa.

Nilimuuliza alijua tangu lini. Alijaribu kunizungusha, nikamwambia asithubutu. Akakaa karibu nami pale pale chini akanieleza. Siku ile mtoto alipofariki, mlikwenda nyinyi wawili kuichukua pikipiki kando ya barabara. Mlipokuwa mkiiinua kuipakia kwenye mkokoteni, siti ilifunguka, na kipande cha waya wenye madoa kikachungulia chini ya tangi. Anasema alikiona, akainua macho, akakuta unamtazama. Hamkusemezana. Ulikirudisha ndani kwa kidole, ukafunga siti, mkasukuma mkokoteni mpaka gereji mkizungumza habari za mvua. Kesho yake asubuhi ukamfukuza.

Basi hukumfukuza kwa kosa lake, Baba. Ulimfukuza kwa macho yake.

Nilimuuliza kwa nini hakusema pale mbele ya watu, na kwa nini hakuniambia hata mimi ndani ya chumba chetu wenyewe. Alisema baba mkwe ni mzazi, na kama angesema, usingepata mahali pa kuuweka uso wako katika mtaa ule uliouzeekea. Alisema pia kuwa waya ulikuwa wa mama yangu, na hakutaka awe yeye wa kunionyesha ulikotumika. Alidhani utalisema mwenyewe hasira ya watu ikipoa. Akangoja. Baadaye akazoea. Nami hasira zilinipanda hata kwake, nikamwambia heshima yake imetulisha saruji. Akasema anajua. Akachukua kitambaa akaanza kunipangusa vumbi mgongoni, na hapo ndipo nililia.

Nimejaribu kukutetea. Usidhani sikujaribu. Nimejiambia kuwa hukutaka mkunga akose usafiri siku ya Ijumaa, na kwamba huruma nayo ilikuwemo. Nimejiambia ulikosa waya mnene wa kubeba umeme wa feni, maduka yakiwa yamefungwa, ukachukua ule uliokuwa bora kuliko vyote ulivyonavyo. Waya wa njia ya mkato mafundi wote tunaufunga, mimi pia nimeufunga, na kila mmoja wetu hujiambia ataufungua kesho. Kama ungeniita ukaniambia, binti yangu, nimefanya jambo baya na mtoto wa watu amekufa, ningekushika mkono tukaenda wote. Ningesema nimelifanya mimi, kama ungeniomba. Lakini ulimtazama kijana asiye na baba wala mama, aliyekuamkia kila asubuhi kabla hajanawa uso, ukaona yeye ndiye wa bei rahisi. Na sasa unataka nimwache ili nije nikusaidie kuona nyaya nyembamba. Mkuki kwa nguruwe, Baba.

Pikipiki imepona. Niliuondoa waya, nikarudisha rilei, na mume wangu akalifungua sanduku lake akatoa ile pakiti uliyoicheka. Niliifunga mimi, yeye akishika taa, maana nilitaka mkono wa mtu mwingine usiwepo kwenye kazi hiyo. Ufunguo ukazungushwa, kimya. Injini ikaunguruma, kimya cha feni. Ilipopata moto feni ikaamka, ikapoza, ikalala tena kama mtu mwenye adabu. Mkunga, aliyekuwa amekuja kuichukua, alisimama akasikiliza. Kisha akaniambia jambo ambalo nadhani hulijui. Tangu siku ile amekuwa akiamini kuwa betri ilikauka kwa kosa lake, kwamba kwenye nyumba aliyotoka kuhudumia asubuhi hiyo aliusahau ufunguo bila kuuzima. Hakumwambia mtu. Kila feni ilipovuma aliuona mlio ule kama unamkumbusha. Ndiyo sababu alikuwa akirudi kwako kuomba uinyamazishe, na wewe unamuuzia betri.

Aliniuliza ni nani aliyefunga waya ule. Nilimwambia siyo mume wangu. Akaniuliza tena. Nikamwambia mwenye kazi yake atakuja mwenyewe zahanati kumweleza kwa mdomo wake, na akimaliza hapo atakwenda kwa wazazi wa yule mtoto. Mkunga alinitazama sana. Nadhani amekwisha kujua, lakini amesema atangoja, na kwamba yuko pale kila siku isipokuwa Jumapili.

Hilo ndilo jibu langu kwa ujumbe wa shangazi. Nitarudi siku utakayotoka zahanati kumweleza mkunga. Sitarudi peke yangu. Utasimama mlangoni pa gereji, pale pale uliposimama siku ile, wateja wakiwepo, na funguo za gereji utamkabidhi mume wangu, mkononi mwake. Mimi nitashika tochi. Usipokwenda, usinitumie shangazi tena, maana nampenda na sitaki kumwona anatafuta maneno ndani ya kikombe. Wala sitamwambia mkunga jina lako. Nitakuachia uishi na jambo hili, kama ulivyotuachia sisi.

Waya wa mama usiutafute kwenye kopo. Ninao mimi.

Nisalimie majirani wote, na fundi viatu wa mkabala, na shangazi umwambie chai yake ipo. Kula vizuri, na mgongo usiukaze kwa kuinua vitu vizito wakati hakuna wa kukusaidia. Nasema haya kwa sababu bado wewe ni baba yangu, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Mume wangu ameniona nikiandika. Hakuuliza ninaandika nini. Ameniomba tu nikufikishie shikamoo yake. Nimeifikisha. Uiitikie, kama utaweza.

Ni mimi binti yako,
Fundi